Mkebe wa Baba Filemoni

Jumapili ya mwisho ya Majilio, kanisa letu pale Kitangari lilinipigia vigelegele kwa sababu ya mimba. Mimi, Emilia, mwanamke mwenye mvi mpaka kwenye nyusi! Mwanangu wa pekee, Filemoni, alikuwa anafanya kazi bandarini Mtwara, mtu mzima na upara wake. Na tumboni mwangu siku hiyo mlikuwa na uji wa asubuhi na maji, maji mengi, basi. Kaeni niwaambie ilivyokuwa, maana kila mtu anaisimulia anavyotaka, na jirani yangu Sikudhani ndiye bingwa wa kuongezea.

Shida ilianzia machoni. Macho yangu yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, watu wakipita mbele yangu naona moshi tu. Kila Januari daktari bingwa wa macho alikuwa anakuja hospitali ya misheni huko upande wa Masasi kupasua watu. Januari iliyotangulia nilikwenda, nikavaa na viatu. Wakanifunga ule mkanda wa presha mkononi, wakatazamana, wakanifunga tena.

"Mama, presha yako iko juu mno. Tukikupasua hivi, jicho litavuja damu. Rudi nyumbani, uishushe, uje mwakani."

Nililia njia nzima ya kupanda huku kwetu. Mwaka mwingine wa kuishi na sauti tupu! Mume wangu Bartholomayo nilimsikia akikohoa, nilimsikia akicheka, nilimsikia akivuta kiti, lakini uso wake sikuuona tena. Nilikuwa nimeanza kuusahau, na hilo liliniuma kuliko vidole nilivyoviunguza nikibangua korosho. Nikaapa kwamba Januari ijayo hawatanirudisha tena.

Mwezi wa nane akaletwa nesi mpya kwenye zahanati yetu, binti mmoja anaitwa Dominika. Nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kwenye mboga unatia chumvi kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ndiyo kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja. Nikamsikia akisema, "Yesu na Maria!"

Sasa na nyinyi msinihukumu. Mnaikumbuka miaka ya foleni? Chumvi ilikuwa haipatikani, tukachemsha kisamvu na majivu ya mabua, tukawa tunaombana chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na anayekupa anakuangalia usiibane sana. Halafu ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa mitumba, yakajaa sabuni za kunukia, yakajaa chumvi nyeupe ya pakiti, mwenye duka anakuita mwenyewe, mama njoo! Mimi nilitia chumvi kwa kulipiza kisasi. Nilitia kwenye kisamvu, kwenye mbaazi, kwenye ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, hata kwenye uji. Ng'onda, yule samaki mkavu ambaye tayari ameshavikwa chumvi huko pwani, nilimwongezea nyingine. Na ndipo binti wa watu ananiambia niache.

"Usitie kabisa kwenye chungu," Dominika akasema. "Ng'onda mwache. Vidonge hivi umeze kila asubuhi. Na unywe maji, mama. Wewe maji hunywi, midomo yako imepasuka. Kunywa asubuhi, mchana, jioni, hata kama huna kiu."

"Mwanangu, wewe kwenu wapi?"

"Ndanda."

"Basi nimejua." Ndanda maji yanateremka mlimani yenyewe, mtu anazaliwa anayasikia. Huku juu kwetu, wakati wa kiangazi maji unayafuata bondeni, unateremka alfajiri na kupanda jua limeshachoma. Mgeni akiomba maji ya kunywa tunampa kwa moyo mmoja, lakini tunamtazama anavyokunywa. Kumwambia mtu wa Kitangari anywe maji bila kiu ni kumwambia atupe pesa njiani.

"Mwanzoni mwili utanuna," Dominika akaendelea. "Ulimi nao utanuna. Umeudekeza miaka yote hii. Uache unune, utazoea. Mwili ukizoea, presha inashuka."

Nikamwomba kitu kimoja: asimwambie mtu. Kwa sababu Bartholomayo ni katekista, na kazi yake kila Jumapili ni kusimama mbele na kuwataja wagonjwa, jina kwa jina na ugonjwa kwa ugonjwa. Mzee mmoja aliwahi kutajwa kwa busha lake, hakukanyaga kanisani mpaka Pasaka. Mimi presha yangu itangazwe kati ya matangazo ya sadaka na ya kufagia uwanja? Hata! Nikaamua nishushe presha yangu kimya kimya jikoni mwangu, na siku ya hospitali ndipo atajua.

Nikanunua pakiti mpya ya chumvi, nikaimimina yote kwenye mkebe wa zamani wa maziwa, nikaishindilia kwa vidole ienee. Huo ukawa mkebe wake. Kila tulipokaa kula niliuweka upande wake wa mkono wa kulia, ili atie mwenyewe apendavyo. Yeye hakuuliza. Nikasema mwanamume huyu ana adabu kweli, hanichimbi.

Jamani, siku zile za mwanzo! Ugali wa muhogo ulikuwa kama kula ukuta. Kisamvu kilinishinda kumeza. Kichwa kiliniuma, miguu ikalegea, nikisikia harufu ya mtu anachoma korosho za chumvi nageuka na kuifuata mpaka uani kwake. Nilikuwa na hasira, nimegombana na kuku, nimegombana na kuni. Bartholomayo anakula kimya, anasema, "Asante, Mama Filemoni," ananawa, anaondoka anapiga mluzi. Nilitamani nimtupie mwiko.

Na maji! Nikinywa kikombe, baada ya muda mfupi natafuta choo. Nikirudi, nakunywa kingine kufidia, nakwenda tena. Choo chetu kiko nyuma ya mkorosho, na kwa macho yale nilikuwa napapasa kamba niliyofungiwa kutoka mlangoni. Sikudhani, ambaye anaona kila kitu mpaka kisichokuwepo, akaniuliza juu ya ua, "Shoga, kulikoni? Njia umeichimba!"

"Nafanya mazoezi," nikamjibu.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukukwepa."

Nilipomrudia Dominika na kumlilia kwamba chakula hakiliki, akaniambia nikamulie ndimu. Hapo nikapona. Ndimu kwenye kunde, ndimu kwenye kisamvu, ndimu nyingine naifyonza hivi hivi nimekaa mlangoni. Na kidogo kidogo, siwezi kuwaambia ni siku gani, mambo yakaanza kugeuka. Asubuhi moja nikamega kipande cha muhogo wa kuchemsha, mtupu kabisa, nikashtuka. Mtamu! Nikamega kingine. Nikadhani nimetiwa sukari. Mbaazi nazo zikawa na ladha yake, boga na yake, hata maji ya kisimani na ya bondeni nikawa nayatofautisha kwa ulimi. Siku Sikudhani aliponiletea kipande cha ng'onda wake, nilikitema uani, kilinichoma. Ng'onda, mimi! Nikacheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Miguu iliyokuwa inavimba jioni ikanywea. Pete ya ndoa iliyokuwa imenikaba kidole tangu enzi za foleni ikaanza kuzunguka. Nikajisikia mwepesi, nikaanza kutwanga nikiimba. Kila wiki Dominika ananipima, na kila wiki anasema, "Inashuka, mama, inashuka," nami narudi nyumbani nikiwa kama nimekunywa uraka, ile pombe ya mabibo.

Lakini Bartholomayo naye alikuwa na yake. Alianza kuyafuata maji mwenyewe, na baiskeli na madumu, kila siku. Nikijaribu kuinua ndoo, anakuja mbio: "Weka chini! Weka chini, Mama Filemoni!" Akaninunulia kanga mpya, doti nzima. Akachinja jogoo bila sikukuu. Jioni ananikanda miguu, mwanamume ambaye tangu tuoane hajawahi kunikanda hata kidole. Nikiuliza, "Una nini wewe?" ananijibu, "Mungu ni mkubwa." Nikasema uzee umemlainisha. Nani anagomba na mwanamume aliyelainika?

Ndipo ikafika Jumapili ile. Somo lilikuwa la Maria kumtembelea Elisabeti, mke wa Zakaria, yule aliyebeba mimba uzeeni. Padre akahubiri vizuri, akaketi. Bartholomayo akasimama kwa matangazo. Wagonjwa akawataja. Sadaka akaitaja. Kisha nikasikia anafunga daftari lake.

"Ndugu zangu," akasema, "tumemsikia Elisabeti. Watu wanadhani mambo hayo yalikwisha zamani. Mimi Bartholomayo nasimama hapa kushuhudia. Mama Filemoni ni mjamzito."

Kanisa likalipuka. Vigelegele! Ngoma ya kwaya ikapigwa bila ruhusa. Wanawake wakanivamia pale kwenye benchi, mmoja ananishika tumbo, mmoja ananipepea, mmoja analia kweli kweli. "Hongera, mama! Hongera!" Na mimi katikati nimekaa, nimepigwa na butwaa, nasikia damu inanipanda kichwani, puu, puu, puu. Miezi yangu yote ya kula ukuta, nikaiona inapotea pale pale.

Nikasimama. Nikapiga benchi kwa fimbo yangu.

"Nyamazeni! Sina mimba! Nina PRESHA!"

Wakanyamaza.

"Nina presha, nimekatazwa chumvi, nimeambiwa ninywe maji, na ndiyo maana nakojoa! Mmesikia wote? Mnataka kujua na mengine? Zakaria alifungwa mdomo miezi tisa, na huyu wangu ndiye aliyestahili!"

Padre ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuficha kwa kikohozi, ikashindikana. Likafuata kanisa zima, mpaka yule aliyekuwa akilia. Mimi nikashika fimbo yangu nikatoka.

Bartholomayo akanifuata njiani, anakokota baiskeli. Tulitembea mpaka hasira yangu ikapoa. Kisha nikauliza, "Baba Filemoni, nani alikuambia nina mimba?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Chakula hakina chumvi," akasema.

Hapo nikasimama katikati ya njia. Mama yangu wee! Nyinyi wa huku mnajua. Sisi tuliofundwa unyagoni zamani, mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye chungu, maana akitia, mumewe atapata kikohozi kisichopona. Anapika, anaweka mezani, chumvi anaitia mtu mwingine au chakula kinaliwa hivyo hivyo. Na mume mwenye adabu haulizi. Akionja akakuta hamna chumvi, amekwisha kuambiwa. Mimi mambo hayo yaliniacha siku nyingi, nikayasahau kabisa. Yeye hakusahau.

"Nilionja ile mboga," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nikajua umerudiwa na ujana. Nikashukuru Mungu, nikakaa kimya. Halafu ukaanza ndimu. Ukaanza kichefuchefu. Ukaanza kutoka nje kila dakika, na hasira, na kuimba. Sasa mimi nifikirie nini?"

"Na ile chumvi kuendelea kukosekana miezi yote, hukushangaa?"

"Nikasema hayo ni mambo ya wanawake, mimi unyagoni sikwenda."

"Na hiyo mimba, iliingia lini?"

Akakohoa. Akasukuma baiskeli hatua chache. "Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli," akasema.

Nikaikumbuka. Nikaikumbuka vizuri sana, na ile kanga mpya. Nilicheka mpaka nikashika mti, naye akacheka, tukawa vituko, watu wanaotoka kanisani wanatupita wanatuamkia na sisi hatuwezi kuitikia marahaba. Lakini kicheko chake kilikatika kabla ya changu. Sisi Mungu alitujalia mmoja tu, Filemoni, na baada yake tulingoja sana. Sikuuona uso wa Bartholomayo pale njiani. Nilisikia tu anapangusa pua.

"Pole, mume wangu," nikamwambia.

"Hamna neno. Kumbe ulikuwa unaumwa, na mimi nafurahi."

"Siumwi. Nataka kukuona tu."

Akanishika mkono, akaniongoza mpaka nyumbani, na tangu siku ile alinipelekea maji ya kunywa mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni, anasimama mpaka nimalize kikombe. Mkebe wa chumvi niliendelea kuuweka upande wake. "Sasa unajua," nikamwambia, "tia chumvi yako, usiteseke." Akasema sawa.

Januari tukateremka Masasi kwenye lori la mnunuzi mmoja wa korosho, maana siku hizo malori ya watu binafsi yalikuwa yamejaa barabarani. Dominika alitusindikiza. Lori lilikuwa linaruka, na kila liliporuka moyo wangu uliruka nao. Tulipofika, mkanda ukafungwa mkononi. Nikasikia ukijaa, nikasikia ukipumua.

"Iko juu kidogo," akasema mpimaji.

Miezi yote ile! Dominika akanikalisha kwenye benchi. "Ni safari tu, mama. Na hofu. Kunywa maji, pumzika, watakupima tena. Usifikirie kitu."

Nani asiyefikiria kitu? Wagonjwa wengine wanaitwa, wanaingia. Bartholomayo akakaa ubavuni mwangu, akaniinamia sikioni.

"Mama Filemoni."

"Niache."

"Nilikuwa nimeshachagua jina."

"Jina la nani?"

"La mtoto. Akiwa wa kiume, Mikaeli."

Nilicheka, jamani, nilicheka mpaka mgonjwa wa pembeni akacheka bila kujua ni nini. Nikajipangusa, nikashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, mwili wote ukatulia. Nikanywa maji yangu. Tukakaa tumeshikana mikono mpaka wakaniita tena. Mkanda ukajaa, ukapumua.

"Imekaa vizuri," akasema mpimaji. "Huyu aingie."

Dominika akapiga kigelegele humo humo hospitalini, akakemewa.

Walinipasua jicho la kulia. Siku ya kufungua bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni dirisha, cha pili ni Bartholomayo. Ndiye yeye. Amezeeka, masikio yamekuwa makubwa, na amekonda shingo, lakini ndiye yeye kabisa. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani na anatabasamu kwa woga. "Kumbe bado u mzuri hivyo," nikamwambia mbele ya madaktari. Akatazama chini. Daktari akanionya: nisiiname, nisinyanyue kitu kizito, na nisilie, maana jicho bado bichi.

Tulipofika nyumbani sikutaka kupumzika. Niliitazama nyumba yangu, nikatazama mkorosho, nikamtazama Sikudhani aliyekuja mbio, nikamwambia amenenepa. Halafu nikaingia jikoni niandae chakula. Mkebe wa maziwa ulikuwa pale pale, upande wa kulia wa kiti chake. Nikaufungua nione kama chumvi imekwisha, nimnunulie nyingine.

Ulikuwa umejaa mpaka juu. Unyevu wa mvua umeigandisha chumvi ikawa jiwe. Na juu yake zilikuwapo alama za vidole vyangu, vidole vyangu vinne nilivyoishindilia mwezi wa nane, hazijaguswa. Miezi yote ile nilikuwa namsikia akila na kusema asante.

"Baba Filemoni! Njoo hapa!"

Akaja mlangoni. Nikamwonyesha mkebe.

"Hukutia hata siku moja?"

Akasimama anajikuna shingo. "Mwanzoni niliogopa kuufukuza ule ujana," akasema. "Halafu nikadhani nikitia chumvi, mtoto atadhurika."

"Na ulipojua hakuna mtoto?"

"Ulikuwa unakula vile ili unione mimi. Sasa mimi nile vitamu peke yangu?"

Nilikumbuka onyo la daktari, nikabana midomo, nikatazama dari, nikahesabu miti ya paa. Haikusaidia. Chozi likateleza shavuni mpaka mdomoni, nikalilamba. Mama yangu wee, lilikuwa na chumvi nyingi mno!